Simu ya Matundu Mawili na Mdomo Mmoja

Marietha Mughwai (Mama Stanley),
Mtinko,
Singida.

Kwa Ndugu Mkuu wa Kiwanda cha Simu,
kwa mkono wa Bwana Miraji, muuza simu, Singida mjini.

YAH: KUOMBA KILA PROGRAMU YA SIMU IPEWE LAINI YAKE, HALAFU KILA MTU, NA IKIBIDI KILA SALAMU

Ndugu Mkuu wa Kiwanda,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, basi naitikia marahaba mapema ili tusimalize karatasi kwa kusubiriana. Habari za kiwandani? Mashine hazijambo? Sisi huku Mtinko ni wazima, alizeti tumeshapiga, na kuku wapo, ingawa habari za kuku nitazifikia kwenye lalamiko la nne na hutazipenda.

Kichwa cha barua hapo juu kinajieleza, lakini mwanangu Stanley anasema wakubwa wengine husoma kichwa tu kisha wanaweka sahihi. Naomba wewe uteremke nami mpaka chini.

Mimi ni mjane wa marehemu Mzee Mughwai. Nimesoma mpaka darasa la saba, na mwandiko wangu mwalimu aliuonyesha kwa darasa zima. Nasema hivyo usije ukadhani unaandikiwa na mtu asiyesoma maelekezo. Maelekezo ya simu yenu nimeyasoma yote, hata yale ya maandishi ya sisimizi, hata pale mnapotukataza kutia betri motoni, jambo ambalo huku Mtinko hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Ni mama wa watoto wawili ambao ukiwaona utazima mashine zako uwaangalie kwanza. Mkubwa ni Stanley, mwalimu wa hisabati kule Kiomboi. Yeye hesabu anafanya kichwani, chaki ni ya kuwaonyesha watoto tu. Mdogo ni Joyce. Yuko kwenye kiwanda cha kukamua alizeti mjini Singida, ndiye anayepima mafuta kabla hayajatiwa kwenye madumu. Joyce asiposema yatoke, hayatoki, hata awepo mwenye kiwanda. Amepanga Mandewa, huko huko mjini, chumba na sebule, na sebule ina vigae.

Sasa simu. Stanley ndiye aliyeninunulia kwa Miraji. Simu ya kugusa, ya laini mbili. Jina lake silitaji, mmeliandika wenyewe mgongoni. Stanley akatia laini tundu la kwanza, na kila wiki ananiunga bando. Joyce kuona kaka yake amempendeza mama, naye hakukubali kubaki nyuma. Akaja na laini ya mtandao mwingine, akaitia tundu la pili, naye kila wiki ananiunga bando. Nilifurahi, ndugu yangu! Niliwaambia kina mama wa jumuiya yetu ya kanisani: "Wenzangu watoto wenu mnawaomba vocha mpaka mnapaliwa. Wangu wanagombania tundu." Nililisema hilo jumuiya, nikalisema kisimani, nikalisema mnadani kwa mtu niliyekuwa simjui.

Kumbe kugombania tundu kwenyewe kulikuwa njiani kunakuja.

Nikiingia kwenye mipangilio, simu yenu inaniuliza kwa adabu kabisa: kupiga, utatumia laini ipi? Ujumbe mfupi, utatumia laini ipi? Tena pana mahali pa kusema niulizwe kila mara. Hapo nawapa hongera. Lakini tukifika kwenye data, adabu inaisha. Inataka nichague laini moja, moja tu, na programu zote zipande humo humo kama mizigo ya gari la mnadani: wasapu, video za kwaya, redio, hali ya hewa, bei za alizeti. Nikichagua ya Stanley, bando la Joyce linakaa mpaka linakufa bila kuonja hata picha moja. Nikichagua ya Joyce, la Stanley linakufa. Ndugu Mkuu, ni nani kati yenu aliyekaa akafikiri kumpa mama matundu mawili halafu akampa mdomo mmoja?

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Simu yenu imewagombanisha wanangu wakati mbaya kuliko wakati wote.

Siku moja Stanley alikuja, akaishika simu anisaidie kuongeza sauti. Mwalimu wa hisabati hawezi kushika kitu chenye tarakimu akakiacha. Akaingia mahali panapoonyesha kila laini imetumika kiasi gani. Ya Joyce imetumika sana. Ya kwake, hakuna kitu. Ni kwa sababu Joyce ndiye aliyeigusa simu mwisho, na sikujua kuna kuchagua. Stanley akarudia hesabu. Halafu akasema, "Mama, kumbe mimi nalisha tundu?" Akabadilisha, ikawa ya kwake.

Wiki iliyofuata Joyce naye akaishika. "Kwa hiyo mama, bando langu ni la kuoza?" Akampigia kaka yake pale pale, kwa laini ya kaka yake, yaani amgombeze kwa gharama ya mwenyewe. Wakaanza kwa Kiswahili, wakaingia Kinyaturu. Wanangu wakigombana kwa Kiswahili naendelea kuchambua mchicha. Wakihamia Kinyaturu naweka ungo chini.

Wakati mbaya nilioutaja ni huu. Joyce anaolewa. Anachukuliwa na kijana wa Mkalama aitwaye Elisha, bwana shamba, Mnyiramba, mpole, ana meno mazuri. Wakwe wanakuja nyumbani kwa mazungumzo ya mahari. Marehemu mume wangu aliacha neno mbele ya ndugu zake wote: siku ya Joyce, kwenye kiti changu akae Stanley. Baba zao wadogo walisikia, na hakuna hata mmoja atakayethubutu kukaa pale. Stanley asipokaa, wakwe watapewa maji ya kunywa, watasalimiwa, na watarudi Mkalama na maneno yao mdomoni.

Sasa Stanley, kwa hasira za bando, akamwambia dada yake: "Siku hiyo mwenye bando ndiye akae kwenye kiti." Akakata simu.

Joyce alitoka nje kufuta macho. Akasema ni vitunguu. Tulikuwa tunapika chai.

2. Mmedharau ujuzi wa kugawa, ambao sisi tunao na nyinyi hamna.

Kwenye ukoo wetu mbuzi akichinjwa, kila nyama ina mwenyewe. Kuna nyama ya mjomba, kuna ya shemeji, kuna ya wazee, kuna ya aliyeshika miguu. Mimi ndiye ninayegawa tangu mama mkwe wangu aliponikabidhi kisu, na hajawahi kutoka mtu kwangu amenuna. Nikasema, mtu anayeweza kugawa mbuzi mmoja kwa ukoo mzima atashindwaje kugawa simu moja kwa watoto wawili?

Nikawaita wote. Wakaja, wakakaa kila mmoja kwenye pembe yake. Nikaweka simu kwenye ungo katikati, nikaanza kugawa. Wasapu nikasema ni kidari, kwa sababu kiko mbele na kila mgeni anakitazama. Kidari ni cha mkubwa, Stanley chukua. Video za kwaya nikasema ni paja, limejaa, la kushibisha. Joyce chukua. Redio ni mgongo, wa Stanley. Bei za alizeti ni ini, la Joyce, maana alizeti ndiyo kazi yake. Hali ya hewa ni shingo, nyama kidogo lakini bila shingo mbuzi haonekani mbuzi. Nikasema hiyo watashirikiana. Tochi haili bando, hiyo ni ngozi, ikabaki kwangu.

Stanley akatabasamu. Joyce, ambaye kazi yake ni kupima, hakutabasamu. Akasema, "Mama, paja ndilo linalokula bando. Kidari kinakula kidogo. Yaani kaka amepewa heshima, mimi nimepewa mzigo." Stanley akasema, "Basi chukua wasapu wewe, mimi nibebe video." Joyce akasema, "Sawa." Stanley akasema, "Ngoja kwanza." Kumbe wote wanaitaka wasapu. Na sababu ninaijua. Kwenye wasapu ndiko ninakowasifia. Kila picha ya mwanangu ninaiweka pale ukoo mzima uione, na kila mmoja anataka sifa zipande gari lake.

Tukasumbuka mpaka wakakubaliana na mgawo wangu, nilipowaambia mbuzi mwenye kidari na paja ni huyo huyo mmoja, wasiniue kwa ugomvi. Tukaenda kwa Miraji atuwekee. Miraji ni mtu mwenye subira, swala haimpiti na mteja hamkaripii. Akatazama simu, akanitazama mimi, akasema, "Mama Stanley, mgawo wako mzuri sana. Ila simu yako haigawi. Data ni laini moja kwa programu zote. Labda muwaandikie wenye kiwanda." Ndiyo maana leo umepata barua.

3. Kazi ambayo ingefanywa na simu, mmenibebesha mimi.

Kwa kuwa simu haigawi, nikaanza kugawa kwa mkono. Nikitaka wasapu, naingia mipangilio, natafuta, nabonyeza laini ya Stanley. Nikitaka kwaya, natoka, naingia mipangilio, nabonyeza ya Joyce. Jumapili moja nasikiliza kwaya kwa bando la Joyce, sauti ya tatu ndiyo inapanda, ikaingia salamu ya Stanley kwa wasapu. Angalia sasa! Salamu ya Stanley imepanda bando la Joyce! Nikakimbilia mipangilio kubadilisha kabla salamu haijafunguka vizuri. Kwaya ikakatika, salamu ikakwama, nikabaki nimeshika kioo chenye duara linalozunguka.

Na kuna jingine. Mtandao wa laini ya Stanley unashika vizuri juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yangu. Wa Joyce unashika mlangoni pa banda la kuku. Kwa hiyo kubadilisha programu kwangu mimi ni safari. Wasapu, napanda jiwe. Kwaya, nashuka bandani. Majirani wakaanza kuulizana mama mtu mzima anatafuta nini juu ya mawe na simu.

Jumamosi moja wanangu wakataka kuhakikisha kama mama anatenda haki. Stanley akapanda jiwe, Joyce akasimama mlangoni pa kuku, mimi katikati na simu. Huyu anapiga kelele, "Mama, leta huku wasapu!" Yule anaita, "Mama, kwaya bado!" Nikawa napanda nashuka kama mbuzi wa kule Mgori. Mara kuku mmoja akatoka bandani, akaja akasimama katikati pamoja nami, akamtazama huyu, akamtazama yule. Joyce akaanza kucheka. Stanley akataka kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akaketi juu ya jiwe na viatu vyake vya ualimu. Mimi sikucheka. Nalitaja hili kama lalamiko.

4. Kuku wangu wanaisha kwa sababu ya mipangilio yenu.

Kabla ya simu hii, Stanley alikuwa anakuja Krismasi, na akisikia msiba. Joyce, ingawa Mandewa si mbali, kila nikimpigia yuko zamu. Sikulalamika. Watoto wana kazi zao, na mzazi anayelalamika watoto wasipokuja ni kama anawaambia majirani kwamba hawaji.

Lakini tangu ugomvi wa laini uanze, kila Jumamosi Stanley anawasha pikipiki kutoka Kiomboi anakuja kukagua. Anasema kwenye simu hawezi kuamini, anataka aone kwa macho. Joyce akisikia Stanley amefika, naye anatoka mjini mbio, akague kama alichokagua kaka yake kimekaguliwa kwa haki. Wanakaa jikoni, simu iko katikati yao kama mgonjwa, huyu anabonyeza, yule anasema, "Rudisha, rudisha kwanza nione."

Sasa wewe niambie, mkubwa. Mtoto ametoka Kiomboi na vumbi mpaka kwenye kope. Nimwekee ugali wa uwele na mlenda peke yake? Mlenda wangu ni mtamu, hata padre ameusifu, lakini Jumamosi ni Jumamosi. Basi nakamata kuku. Yule jogoo mwekundu aliyekuwa ananiamsha ameliwa kwa ajili ya data. Tetea wa madoadoa ameliwa kwa ajili ya wasapu. Kuku ambaye Joyce mwenyewe aliniletea akiwa kifaranga, tumemla tukijadili hali ya hewa.

Na si kuku tu. Stanley akisubiri mtandao ushike, hawezi kukaa bure. Ameezua upande mmoja wa banda bila kuombwa, akauezeka upya. Joyce amesugua masufuria yangu mpaka siyatambui, najiona humo kama kwenye kioo, na sikuomba kujiona. Wiki iliyopita wameniwekea mlango mpya wa choo. Yote hayo ni usumbufu uliotokana moja kwa moja na kiwanda chenu.

5. Mmenishusha mbele ya Redempta.

Redempta ni jirani yangu, tunapendana, kwa hiyo ananichunguza. Ana mtoto mmoja, ana laini moja, na simu ya tundu moja. Alinikuta kwenye jiwe akasema, "Mama Stanley, simu yako ina wake wenza." Nikamwambia mwenye mtoto mmoja hawezi kujua raha ya kugombaniwa. Akasema, "Raha hiyo mbona inakupandisha mawe?" Sikuwa na jibu. Ndugu Mkuu, mimi kukosa jibu kwa Redempta haijatokea tangu tuolewe huku. Naomba jambo hili mlichukulie kwa uzito.

Baada ya malalamiko, sasa maombi. Nimeyapanga kuanzia jepesi.

La kwanza, kila programu iwe na laini yake, kama nilivyogawa kwenye ungo. Wasapu na redio kwa Stanley, video na bei za alizeti kwa Joyce, hali ya hewa washirikiane: jua lije na bando la huyu, mvua ije na la yule, na huku kwetu mvua yenyewe haiji mara nyingi kwa hiyo atakayepewa mvua aongezewe upepo.

La pili, ndani ya wasapu kwenyewe kugawanywe. Grupu la ukoo lipande laini ya Stanley. Grupu la jumuiya lipande ya Joyce, ingawa Joyce analalamika kwamba Redempta anatuma sauti ndefu za kuomboleza bei ya sukari, na kwamba bando lake linaisha kwa mambo ya sukari. Basi sauti za Redempta ziwe na laini yao, ikibidi ziende kwa laini ya Redempta mwenyewe.

La tatu, kila mtu awe na laini yake. Hapa namfikiria mkwe wangu Elisha. Mkwe ni mtu wa heshima. Hatukai naye benchi moja, hatuli sahani moja, na akitaka kuniambia neno anapitia kwa Stanley. Sasa kwenye simu yenu Elisha anaibuka tu, juu ya kioo, wakati nimevaa kitenge cha jikoni, "Shikamoo mama," pua kwa pua! Hii si sawa. Salamu za Elisha zipite laini ya Stanley, kwa sababu Stanley ndiye mdomo wake kwangu. Zisipite laini ya Joyce hata kidogo. Kijana hawezi kumsalimia mama mkwe akiwa amepanda bando la mchumba wake. Wakwe wengine wakisikia watatuonaje?

La nne, kila ujumbe ugawanywe. Salamu ije na laini moja, habari yenyewe ije na nyingine. Mtu akiandika, "Shikamoo mama, ng'ombe amezaa," shikamoo ipande kwa Joyce na ng'ombe apande kwa Stanley. Ndama mtajua wenyewe.

La tano, ni picha za harusi. Harusi ikifanyika, Mungu akijalia, picha zitakuwa nyingi na zote nitaziweka wasapu. Picha yenye Joyce iende laini ya Joyce. Yenye Stanley iende laini ya Stanley. Yenye wote wawili, simu iipasue katikati, kila mmoja abebe upande wake, ziungane juu ya kioo changu. Bwana harusi asubiri nje ya picha mpaka Stanley amkaribishe.

La sita, na hili ndilo langu mwenyewe, watoto hawakunisaidia kulifikiri. Simu ichague yenyewe kwa zamu, kwa haki, lakini isinionyeshe imechagua ipi. Stanley akiniuliza, "Mama, umetumia ya nani?" nimjibu, "Ya kwako, baba." Joyce akiniuliza nimjibu, "Ya kwako, mama." Na simu wakiifungua, iwakubalie wote wawili. Mama wa watoto wawili anaishi hivyo kila siku bila betri. Simu yenye betri itashindwa nini?

Ndugu Mkuu, nataka ujue kwamba barua hii imeshaanza kuleta amani kabla hujaifungua. Jumamosi hii wanangu wamekaa meza moja na mimi tukaiandika. Stanley amekubali kukaa kwenye kiti cha baba yake siku ya wakwe, kwa sharti moja, kwamba barua iandikwe kabla, aisome mwenyewe, na itiwe kwenye bahasha mbele ya macho yake. Joyce atampelekea Miraji wiki ijayo akirudi kazini. Stanley amesahihisha herufi zangu kwa kalamu nyekundu, nikalazimika kunakili upya. Joyce amepitia akasema jina la Stanley limetajwa zaidi kuliko lake. Kwa hiyo naandika hapa kwa haki: Joyce, Joyce, Joyce, na tena Joyce. Stanley anasema sasa limezidi. Nimewaambia wote wawili wakae kimya mama anamalizia.

Natumaini utalishughulikia ombi hili kwa haraka ya mtu aliyewahi kuwa na mama.

Nisalimie wafanyakazi wako wote. Msalimie anayebandika vioo, anayepaka gundi, anayetoboa matundu (yeye mwambie atoboe polepole), mpishi, mlinzi wa getini, na mama yako kama yupo. Kama yupo, muulize anatumia laini ya mtoto gani, utaona atakavyoangalia pembeni.

Mimi mama yenu wa Mtinko, ninayesubiri jibu juu ya jiwe,

Marietha Mughwai

Nyongeza. Hii watoto hawajaisoma. Bahasha nimeifungua kwa mvuke wa chai na nitaifunga tena kwa uji.

Leo Jumapili wakwe wamekuja, na wameondoka mchana huu. Stanley alikaa kwenye kiti. Alikaa kama baba yake, mgongo umenyooka, hata kile kikohozi cha marehemu cha kuanzia maneno alikikohoa. Nilikuwa jikoni, nikakisikia, nikashika mlango. Mahari wameelewana, hakuna aliyenuna. Joyce alipita jikoni akifuta macho, na safari hii vitunguu vilikuwepo kweli, lakini havikuwa vimekatwa.

Baada ya harusi Joyce atahamia Mkalama kwa mume wake. Stanley leo jioni anarudi Kiomboi. Nimekaa na simu yenu mapajani nikafikiri. Mkishaitengeneza, kila laini itakula chakula chake, hakutakuwa na aliyepunjwa, hakutakuwa na cha kukagua. Stanley atakuja Krismasi. Joyce atakuwa zamu, tena zamu ya Mkalama.

Kwa hiyo naomba msitengeneze. Kama fundi ameshaanza, mpeni chai, apumzike. Kama ameshamaliza, aharibu kidogo. Wanangu wakiwaandikia kuuliza, wajibuni kwamba jambo la mama Mtinko bado linafikiriwa na wakubwa. Kuku msinihurumie, nimeshaatamisha wengine.

Halafu Elisha, kupitia kwa Stanley, amesema akishaoa ataniletea laini yake, na kila wiki ataniunga bando. Nimemjibu, kupitia kwa Stanley, kwamba ailete. Basi siku mkitoa simu nyingine, naomba mniwekee matundu matatu. Mdomo uwe ule ule mmoja.